Ngumi za Fundi wa Breki

Nitamwita Fundi, maana ndivyo tulivyomwita sote, na mkewe naye alimwita hivyo hivyo. Kwao wapi, baba yake nani, sijui na sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba mdogo wangu Masalu alikufa kwa kuziogopa ngumi za mtu huyo, na mimi, dada yake wa tumbo moja, ndiye niliyeziagiza. Nimekaa na neno hili kifuani muda mrefu. Leo nalitoa, na wa kunishangaa anishangae.

Gereji yake ilikuwa Pasiansi, kiwanja kilichozungushiwa mabati yenye matundu, geti la mbao, na ndani hamna kitu ila jeki mbili, magogo ya kuegemeza magari, na lundo la pedi kuukuu za breki lililofika kiunoni. Injini hakugusa. Ukimpelekea gari linalotoa moshi anakufukuza. "Hapa ni breki tu! Gari lisipowaka utalala kwako na mkeo. Lisiposimama utalala wapi?" Alikuwa mfupi wa kifua kipana, mikono imezidi urefu, na vifundo vya vidole vimechubuka siku zote. Wageni walidhani vimechubuliwa na vyuma. Weee! Vilichubuliwa na meno ya madereva.

Ili mnielewe lazima niseme kidogo kuhusu magari ya wakati ule. Zamani Mwanza ilikuwa na malori ya serikali na Landrova za mishenari, basi. Halafu biashara ikafunguliwa, kila mwenye kujikusuru akaagiza gari kuukuu la Japani. Pikapu, Hiace, vigari vidogo vya rangi ya maziwa, vyote vikapanda kutoka bandarini Dar na maandishi ya Kijapani milangoni. Madereva wetu walikuwa wamejifunzia kwenye malori yasiyo na taa hata moja mbele ya usukani. Sasa wakakuta dashibodi inawaka rangi rangi. Hawakuuliza mtu. Mwanaume wa Mwanza aliyeshika usukani aulize? Thubutu.

Katika taa hizo kulikuwa na moja nyekundu, duara lenye alama ya mshangao katikati. Ikiwaka na hendibreki imeshushwa, gari linakwambia kitu kuhusu breki. Madereva wakaambiana kwamba hiyo ni taa ya mafuta ya breki, ikiwaka ongeza mafuta. Wakaongeza, taa ikazimika, wakapigana viganja kwa furaha na kuendelea na safari. Hapo ndipo watu walipofia.

Fundi alinieleza jambo hili mara moja tu, nimesimama juani na beseni la samaki kichwani, na sijalisahau. Akachukua pedi mpya, nene kiasi cha kiberiti, akaweka kando yake iliyolika, nyembamba imebaki kama sarafu mbili. "Pedi zinabana ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Zikilika, pistoni inayozisukuma inabidi isogee mbele zaidi. Ikisogea, mafuta yanaifuata. Kile kichupa cha juu kinapungua, taa inawaka. Umeelewa, mama? Mafuta hayajapotea. Yamekwenda kukaa mahali pa pedi zilizoliwa. Ukiongeza mafuta taa inanyamaza, pedi je, zimeota?" Nikasema hazijaota. "Basi taa ikiwaka, fungua gurudumu uangalie. Fungua gurudumu!" Alilipigia neno hilo kelele mpaka nikarudi nyuma, samaki wakanimwagikia.

Hivyo ndivyo alivyofundisha mtu aliyempenda. Asiyempenda alifundishwa kwa mkono.

Nilikuwa napeleka chai na vitumbua pale getini kabla sijaingia kwenye biashara ya sangara, kwa hiyo niliyaona mengi kwa macho yangu. Dereva anaingia, Fundi hasalimii, anachungulia dirishani na kuzungusha ufunguo nusu. Ukizungusha ufunguo kabla injini haijashika, taa zote za dashibodi zinapaswa kuwaka kwanza, ndipo zizimike. Yeye alitazama ile nyekundu tu. Ikikosa kuwaka, anajua dereva amechomoa globu yake. Wengi walichomoa, maana abiria walilalamika, au mwenye gari alikuwa akiuliza maswali, au gari lilikuwa linatafutiwa mnunuzi. Fundi hakusubiri maelezo. Alimshika mtu kola, akamtoa kwa kupitia dirishani, na kumtandika chini kwenye mchanga uliojaa grisi.

"Nani kakufundisha kuliziba gari mdomo? Nani?"

"Fundi, nilikuta hivyo hivyo..."

Kofi. "Nani?"

"Mimi, Fundi! Mimi!"

"Ehee." Halafu anamwinua, anampangusa mchanga mgongoni kama mama anavyompangusa mtoto, na kuanza kazi. Kazi yenyewe ilikuwa safi, sijaona nyingine. Gari likitoka pale unakanyaga breki kwa kidole gumba linasimama.

Mara moja alikuja mwuza vipuri wa mjini, kijana wa watu, shati limenyooshwa, ana katoni ya pedi za bei poa. Fundi akachukua moja, akaikwangua kwa ukucha, ikatoka unga. Akaukusanya unga kiganjani, akamwonyesha. Yule kijana akacheka, akasema mzee, siku hizi soko huria, kila mtu auze anachokipata. Laiti asingecheka. Fundi alimkaba shingo, akamtia ile pedi mdomoni na kumwambia, "Ng'ata. Kama ni chuma, utavunjika meno. Kama ni udongo, utakula udongo wako." Akamsukuma taya kwa kiganja kutoka chini. Nilisikia sauti ambayo sitaki kuieleza. Damu ilishuka kwenye shati lile jeupe mpaka mkanda. Sisi wauza chai tulikuwa tumesimama na vikombe, hakuna aliyekwenda kuamua, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kwa sababu yule kijana aliwahi kunifokea sokoni.

Sasa sikia. Fundi huyo huyo akampakia kwenye baiskeli yake, akamkokota mpaka hospitali, akakaa naye kwenye benchi mpaka aliposhonwa, na alipotoka akamkabidhi kanga aliyoiazima kwangu ajifunike lile shati lisimwaibishe njiani. Kesho yake kijana akaleta pedi nzuri. Walifanya biashara miaka.

Mtu wa namna hii utamwita nani? Mimi nilimwita mwanaume wa kweli. Nilikuwa mjinga.

Masikio yake yalikuwa kitu kingine. Kwenye pedi nyingi kuna kachuma kadogo kalikopindwa, ambako pedi ikilika kiasi fulani kanaanza kugusa ile sahani na kulia, mlio mwembamba unaokera meno. Mjapani aliuweka makusudi ili mtu ajue muda umefika. Madereva wetu waliuita mlio wa vumbi, wakawa wanamwagia magurudumu maji. Fundi aliukamata akiwa amelala chini ya gari jingine, gari lenyewe liko barabarani linapita. Anatambaa nje, anakimbilia getini, anapiga yowe, "Wewe Hiace ya bluu! Mbele kushoto! Mbele kushoto, mpumbavu wewe!" Wakati mwingine aliokota jiwe. Vioo viwili vya nyuma nilimwona mwenyewe akivivunja, kimoja cha mtu mkubwa wa mjini, na yule mkubwa alirudi siku ya pili ameshika mashavu kwa aibu, akabadilisha pedi na kioo.

Na bado mtu huyu hakuendesha gari. Hakuwa na leseni, na hata kulitoa gari getini aliita mwenyewe alitoe. Kiti cha mbele hakukaa kamwe. Akilazimika kusafiri, alipanda nyuma kwenye bodi, akakaa kwenye ukingo, mguu mmoja nje. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nawajua wanaoshika usukani." Nikamwambia, Fundi, umewapiga wote, bado huwaamini? Akarudi chini ya gari.

Jumapili alivaa shati jeupe, akaimba sauti ya tatu kwenye kwaya, macho amefumba, jasho linamtiririka. Kwenye benchi la nyuma yake walikaa waliopigwa, mmoja na plasta kwenye nyusi, mwingine mdomo umevimba, wote wanaimba. Mchungaji aliwahi kumwita ofisini kumkanya. Alitoka amenywea, na wiki nzima hakugusa mtu. Wiki ya pili pikapu ya kanisa ikaja gereji imemwagiwa maji ya sabuni kwenye kichupa cha mafuta ya breki. Mafuta ya breki yalikuwa yakiadimika, watu wakatia maji ya sabuni, na maji yakipata joto kwenye mteremko yanachemka, breki inazama kama unakanyaga mto wa sufi. Dereva wa kanisa alipata kipigo cha wiki mbili kwa pamoja. Mchungaji hakumwita tena.

Nyumbani kwake hakupiga mtu. Mkewe ndiye aliyemfokea, tena mbele za watu, mwanamke mrefu mwembamba wa Ukerewe tuliyemwita Mama Esta, na Fundi anainamisha kichwa anachambua mchele. Siku moja nilimkuta anamnyoa binti yake nywele kwa mkasi, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Ile mikono! Nikasimama mlangoni nikashindwa kubisha hodi.

Haya, nimezunguka sana. Nije kwangu.

Nilipopata pikapu yangu nilikuwa nanunua sangara ng'ambo ya Busisi, nawavusha kwa kivuko mpaka Kigongo, kisha Mwanza kiwandani. Samaki bila barafu ni uvundo, kwa hiyo gari lilitoka mjini asubuhi limejaa mapande ya barafu, linateremka Kigongo, linavuka, linarudi na samaki. Dereva akawa Masalu. Mama alituacha mimi nikiwa msichana na yeye akitambaa, nikambeba mgongoni, nikamsomesha, nikamfundisha hata kunyoa ndevu, jamani, kwa kuwa hakukuwa na mwanaume wa kumfundisha. Alikuwa mrefu, mcheshi, anapenda kuvaa kofia ya sweta kwenye joto lote lile. Ananiita "bosi" kwa kunitania. Nilimpenda, na nilimsimamia kwa ukali, na ukali wangu haukumtisha hata kidogo. Nikifoka anacheka, ananibeba juu juu na kunizungusha mbele ya wateja.

Wakati fulani nikasikia breki zinalia, nikamwambia aende kwa Fundi. Akasema keshokutwa. Nikaona taa imewaka, akasema keshokutwa. Nikaenda mwenyewe kwa miguu mpaka gereji, na maneno niliyoyasema nayakumbuka yote, hayana hata moja lililopotea.

"Fundi, mdogo wangu ananichezea. Akija hapa, mpige. Mpige akome."

Alikuwa anafunga nati. Akasema, "Nimpige kiasi gani?"

"Kama wengine. Usinihurumie."

Nilimtuma Masalu kwa uongo kwamba Fundi anampa kifurushi changu. Sikwenda kutazama. Alirudi jioni na pedi mpya, shavu limejaa, na jino moja la mbele halipo. Alikaa kwenye kigoda akaloweka kitambaa kwenye maji ya chumvi. Wanangu, Kulwa na Doto, wakamzunguka wakimchungulia mdomoni, na mimi nilicheka! Nilicheka nikasema, "Leo bosi umemjua?" Akanitazama. Akajua. Halafu akajaribu kucheka na yeye, ikawa mate na damu.

Tangu siku ile hakunibeba tena. Na nilijisifu kwa akina mama wenzangu wa samaki, nikawaambia dawa ya madereva ni Fundi tu, na wawili wakapeleka wa kwao wakapigwe.

Pedi hulika. Ndivyo zilivyo, unazinunua zilike, na kwa mizigo ya barafu na ile miteremko haziwezi kufika mbali. Muda ukapita, zikalika tena. Mimi nilikuwa nimelala Busisi siku mbili nikikusanya samaki, sikuwa na habari. Asubuhi ya siku ya tatu nikapanda kivuko kuja Kigongo kumpokea Masalu na barafu. Jua lilikuwa limeshakolea. Nilisimama mbele kabisa, kwenye mnyororo, na tulipobakiza kama hatua mia kufika nikaiona pikapu yangu juu ya mteremko. Nikampungia mkono. Nilidhani ananiona.

Ilikuja kasi. Nikasema moyoni, huyu mtoto, nitamwonyesha. Halafu nikasikia honi, ndefu, haikatiki. Chini pale watu wamejipanga, akina mama wa mahindi ya kuchoma, baiskeli, lori moja limeegeshwa linasubiri kivuko. Watu wakatawanyika. Nikaiona pikapu ikiyumba kulia kuwakwepa wale wa mahindi, ikakwangua ubavu wa lori lile, bati likachanika kwa kelele iliyofika mpaka kwetu majini, kioo kikamwagika, ikaendelea, ikapita mahali kivuko kinapoegeshwa, ikaingia ziwani pua mbele.

Ingekuwa maji tu labda angetoka, aliogelea vizuri. Lakini nyuma alikuwa na barafu, mapande ambayo wanaume wawili hubeba moja. Gari lilipogonga maji barafu ikaja mbele yote kwa pamoja, ikavunja kioo cha nyuma, ikampiga kisogoni na kumbana kwenye usukani. Waliomtoa walitumia mashoka. Nilikuwa nimeshajirusha kutoka kwenye kivuko, kanga zimenizonga, nimekunywa ziwa, mabaharia wananivuta nywele, na nikawa nang'ata mikono yao waniachie. Mmoja ana alama yangu mpaka leo. Mapande ya barafu yalielea pale nusu saa nzima, mengine mekundu, na watoto wakawa wanafukuzwa wasiyaokote.

Siku ya tatu ya msiba alikuja mpakia barafu wa kiwandani, mtu mzima, akaniita pembeni ya nyumba. Akaniambia asubuhi ile breki za Masalu zilikuwa zinakoroma, si kulia tena, kukoroma, chuma kwa chuma. Na taa imewaka. "Nikamwambia, Masalu, pitia kwa Fundi kwanza. Akasema, mzee, yule ataniondoa meno yaliyobaki, na dada yangu atashangilia. Akaongeza mafuta ya breki. Taa ikazima. Akanigonga bega, akasema umeona, imekubali." Mpakia barafu akalia. Mimi sikulia. Nilirudi mkekani nikakaa, na sikumwambia mtu.

Na Fundi akaja kwenye msiba huo. Kwanza alikuwa amekwenda polisi, mahali walipoliburuta gari, akafungua gurudumu la mbele. Akaja na pedi mkononi, vibati vitupu, hazina hata ukoko wa ile sehemu inayobana. Pistoni ilikuwa imechomoka, mafuta yote yamekwisha kumwagika njiani. Alisimama katikati ya waombolezaji, wanaume kwenye viti, wanawake chini, akaviinua vile vibati juu, akasema kwa sauti ya kwaya yake, "Marehemu amejiua. Taa ilimwambia. Huyu amejiua mwenyewe kwa upumbavu!"

Wajomba zangu kutoka Magu hawakuhitaji kusikia mara mbili. Wa kwanza alimpiga kwa kigoda. Wakamwangusha, wakampiga kwa mateke, kwa fimbo za kutembelea, kwa jiwe la mafiga, mbavu zikalia, na Fundi, ambaye peke yake angeweza kuwatandika wote watano, hakuinua mkono. Nilikuwa mkekani, hatua sita tu. Neno langu moja lingewasimamisha. Ningesema, mwacheni, nimemtuma mimi. Nilijifunika kanga usoni. Nikasikia kila pigo. Mama Esta ndiye aliyejitupa juu yake akamlalia, wakaogopa kumpiga mwanamke, ikaisha.

Nikauza kilichobaki cha pikapu. Sikupita tena Pasiansi, nilizunguka njia ndefu ili nisilione lile geti.

Ikapita miaka minne. Nikasikia gari limetoka kwenye jeki likamwangukia Fundi mkono wa kulia, ukakatwa chini ya kiwiko, akafunga gereji na kuhamia Kisesa kwenye shamba la mkewe. Nikakaa na habari hiyo miezi. Usiku, mchana, nilisikia yale mapigo ya msibani. Nikasema, mtu huyu atakufa akidhani Masalu ni mpumbavu tu, na atakufa hajui ni nani aliyemfanya aogope. Nitamwambia. Akiamua kunipiga kwa huo mkono uliobaki, anipige.

Nilimkuta asubuhi uani, amekaa kwenye gunia, anapukuchua mahindi. Alibana gunzi katikati ya magoti na kusukuma punje kwa kidole gumba cha kushoto. Nywele zote zimekuwa nyeupe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Kulwa. Kaa."

Nikakaa kwenye kigogo. Nikasema yote bila kupumua. Kwamba mpakia barafu aliniambia. Kwamba taa iliwaka na Masalu alijua kabisa inasema nini, ila alimwogopa yeye. "Na aliyekutuma umpige ni mimi. Si upumbavu. Ni sisi. Mimi na wewe."

Akamaliza gunzi lile, akalitupa kwa kuku.

"Usingenituma ningempiga vilevile," akasema. "Hilo usilibebe. Jingine ndilo la kwangu." Akachukua gunzi jingine, hakulipukuchua. "Alikuja."

"Nani alikuja?"

"Masalu. Asubuhi ile. Alifika mpaka getini."

Sikuelewa. Nikamwambia aseme vizuri.

"Nilikuwa nimemkaba dereva mmoja kwenye bati, nampiga. Nikasikia pedi getini. Nikajua ni pikapu yako, nikajua ni mbele kulia, nikajua hazifiki jioni. Nikageuza kichwa nikamwona. Naye akaniona, nimemshika mtu koo, damu imenijaa hapa." Akagusa kifua. "Nikacheka, Mama Kulwa. Nikamwambia yule niliyemkaba, umemwona yule, anazijua hizi. Nikampiga tena. Nilipogeuka gari limeondoka. Ningekimbia ningemwahi, alikwenda polepole. Sikukimbia. Nikasema atarudi kesho, na nitampiga kwa kunikimbia."

"Na msibani ukaja ukasema amejiua!"

"Nilitaka wanipige. Ningesema ukweli wangenipeleka polisi, wangezungumza, wangeniita mzee. Nilitaka kupigwa siku ile ile." Akaninyooshea kidole gumba chenye unga wa mahindi. "Wewe ulikaa tu. Nilikusubiri wewe, ukajifunika."

Nikasimama nikampiga. Kofi la kwanza, la pili, halafu ngumi, kwenye sikio, kwenye mdomo, namkanyagia mahindi, namwita mbwa, muuaji, naita jina la Masalu kama napigana na mwizi. Mama Esta akatoka jikoni na mwiko mkononi, akipiga kelele.

"Mwache," Fundi akasema. Mdomo unavuja damu. "Mwache amalize."

Sikumaliza. Mkono uliuma, nguvu ziliniishia, nikaanguka juu ya magunia na kulia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ziwa. Mama Esta akanishika kiuno, akanikalisha, akaniletea maji kwenye kata. Fundi hakujifuta.

Nilipoweza kusema nikamuuliza kitu kimoja tu. Nikamuuliza, Masalu alikaa pale getini kwa muda gani?

"Si muda mrefu," akasema. "Alikuwa amewasha indiketa ya kuingia. Ikawaka, ikawaka. Halafu akaizima."